Kuhamisha domeini kwa msajili mwingine: siku 60, kufuli, na mpangilio usiokukwamisha (mwongozo kamili)

Simu za domeini ninazopokea hapa Mbeya hufanana. "Kaka, nimeshalipa huko ninakohamia, lakini jina limegoma." Ukiuliza limegoma vipi, unaambiwa kuna kufuli la siku 60, au namba ya siri ya uhamisho haikubali, au msajili wa zamani yuko kimya. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtu amefanya hatua zote zinazotakiwa, ila amezipindua: amebadili barua pepe na jina la mmiliki kwanza, ndipo akaanza kuhamisha.

Mwongozo huu unahusu majina ya kimataifa kama .com, .org na .net. Ya .tz yana utaratibu wake, nitayagusa mbele.

Je, kweli unahitaji kuhama?

Kuna vitu vitatu ambavyo huuzwa kwa risiti moja mpaka watu wanaviona kitu kimoja: jina lenyewe, yaani domeini, seva inayohifadhi tovuti, na rekodi za DNS zinazoelekeza jina kwenye hiyo seva na kwenye barua pepe. Msajili ni yule anayekuandikishia jina kwenye masjala kuu. Kwa .com na .net masjala hiyo ni Verisign, kwa .org ni Public Interest Registry.

Sasa, kama kilio chako ni tovuti kuwa nzito au seva kuzimika kila wiki, huhitaji kuhamisha jina. Nunua seva kwingine, ingia kwenye akaunti ya msajili wako, badili seva za majina (nameservers, yaani zile zinazotunza rekodi zako za DNS), basi. Kufuli la siku 60 huzuia jambo moja tu, nalo ni jina kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Halikuzuii kulipia mwaka mpya, kubadili seva za majina wala kuongeza rekodi. Nimeona watu wa utalii Iringa wakisubiri miezi miwili tovuti yao ya safari za Ruaha ihamie seva mpya kwa sababu tu "jina limefungwa", wakati kazi hiyo ingeisha siku ileile.

Sababu za kweli za kuhama ni chache: bei, njia za malipo, msajili asiyejibu, au jina kukaa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kuhusu bei, jua kwamba Septemba 2024 Verisign ilipandisha hadi dola 10.26 kwa mwaka bei inayomtoza msajili kwa kila .com. Ukitozwa mara tatu ya hiyo, uliza unapewa nini cha ziada.

Msajili wako ni nani hasa?

Fungua lookup.icann.org, ukurasa wa ICANN, taasisi inayosimamia majina ya kimataifa, kisha andika jina lako. Zamani tulikuwa tunasema "angalia WHOIS", yaani mfumo wa kutafuta taarifa za jina. Kwa majina ya kimataifa wajibu wa WHOIS ulikoma tarehe 28 Januari 2025 na nafasi yake ikashikwa na mfumo mpya uitwao RDAP, lakini kwa mtumiaji kazi ni ileile. Tazama jina la msajili, tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya kuisha, na hali za jina.

Jina la msajili huwashangaza wengi. Umelipa kwa kampuni ya hapa nchini, ukurasa unakuonyesha kampuni ya Marekani au India ambayo hujawahi kuisikia. Si utapeli. Wauzaji wengi wa domeini nchini ni mawakala wa wasajili wakubwa wa nje. Hili lina faida moja ambayo watu huikosa: kama wakala unayemhamia naye anauza kupitia msajili yuleyule, huo si uhamisho kati ya wasajili. Omba jina lisogezwe kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya msajili huyohuyo. Hapo hutahitaji namba ya siri ya uhamisho, na zile siku tano za kusubiri uhamisho, nitakazozieleza mbele, hazipo.

Kwenye tarehe, angalia herufi Z mwishoni. Maana yake ni saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Jina linaloonyeshwa kuisha tarehe 14 saa 22:30 Z, kwetu linaisha tarehe 15 saa saba na nusu usiku.

Hali za jina zimeandikwa kwa Kiingereza kilichobanwa, na nne ndizo zinakuhusu. clientTransferProhibited ni kufuli la kawaida lililowekwa na msajili. Karibu kila jina linalo, na unaweza kulifungua mwenyewe. serverTransferProhibited limewekwa na masjala, na hilo huwezi kulifungua kwenye akaunti yako. pendingTransfer maana yake uhamisho unaendelea. redemptionPeriod ni habari mbaya, tutaifikia.

Siku 60 zipo za aina tatu

Hapa ndipo mambo mengi huchanganywa, kwa hiyo twende taratibu.

Ya kwanza ni ya jina jipya. Jina likishaandikishwa, msajili anaruhusiwa kukataa lisihame kwa siku 60. Umeandikisha tarehe 10 Machi, siku ya 60 ni tarehe 9 Mei. Kwa hiyo usinunue jina kwa msajili wa ofa ya bei ya chini ukitegemea kulihamisha mwezi ujao.

Ya pili huja baada ya uhamisho. Ukishahama, msajili mpya anaweza kukuzuia usihame tena kwa siku 60 nyingine. Kwa hiyo chagua unakokwenda kwa makini. Ukikosea, umekosea kwa miezi miwili.

Ya tatu ndiyo inayowaumiza watu. Tangu tarehe 1 Desemba 2016, ukibadili taarifa za mmiliki, jina hufungwa lisihame kwa siku 60. Mabadiliko yanayohesabika ni ya jina la mtu, jina la kampuni au taasisi, na barua pepe ya mmiliki. Kubadili namba ya simu au sanduku la posta hakuhesabiki. Barua pepe ndiyo mtego, maana mtu anaona ni jambo dogo: anafuta ile ya zamani ya mfanyakazi aliyeondoka, anaweka ya kwake, akijiandaa kuhama. Amejifungia.

Chukua mfano wa mtu wa parachichi Rungwe anayetaka kila kitu kikae sawa kabla ya maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Tarehe 1 Julai anabadili barua pepe ya mmiliki. Siku ya 60 ni tarehe 30 Agosti. Maonyesho yamekwisha, mabanda yamevunjwa. Angehamisha kwanza kisha abadili barua pepe kule alikohamia, asingepoteza kitu, kwa sababu baada ya kuhama angekuwa ndani ya siku 60 za aina ya pili hata hivyo. Kufuli mbili zingekimbia sambamba.

Upo mlango wa pembeni. Msajili anaruhusiwa kukupa nafasi ya kulikataa hilo kufuli la tatu, ila lazima ulikatae kabla ya kutuma ombi la kubadili. Huwa ni kisanduku kidogo cha kuweka tiki, chini ya fomu ya kubadili taarifa. Si wasajili wote wanacho. Ukikipita bila kukigusa, usitegemee huduma kwa wateja wakufungulie baadaye kwa maneno matamu. Na kama una huduma ya kuficha taarifa za mmiliki, muulize msajili kabla ya kuizima, kwani wapo wanaohesabu hilo kama kubadili mmiliki.

Ndani ya ICANN kuna mapendekezo ya kushusha siku 60 za aina mbili za kwanza hadi 30 na kuondoa lile kufuli la kubadili mmiliki. Panga safari yako kwa 60. Yakianza kutumika, utafurahi.

Jina likiwa mikononi mwa fundi

Kwa kanda yetu hili ni tatizo kubwa kuliko kanuni zote za ICANN. Kijana alitengeneza tovuti ya shule, ya hoteli au ya kiwanda cha mbao Mafinga, akaandikisha jina kwenye akaunti yake, kwa barua pepe yake, na mara nyingi kwa jina lake mwenyewe. Si kwa nia mbaya. Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka mitatu baadaye amehamia Dodoma, ana kazi nyingine, na simu anapokea jioni tu.

Ukweli mchungu ni kwamba, kwa mfumo, mwenye jina ni yule aliyeandikwa kama mwenye jina. Risiti zako za M-Pesa ulizomtumia fundi zinaweza kukusaidia mbele ya sheria, lakini msajili hazioni. Kwa hiyo mwendee kwa upole. Ukianza na vitisho atabadilisha nywila na kunyamaza. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Habari za kazi, kaka. Naomba msaada wako kwenye jina la hoteli yetu. Tunalihamishia kwenye akaunti ya ofisi. Naomba ufungue kufuli la uhamisho, halafu unitumie namba ya siri ya uhamisho. Tafadhali usibadilishe jina la mmiliki wala barua pepe kwa sasa, hilo tutalifanya huku tukishahama. Utapata barua pepe ya kuthibitisha, usiikatae. Kama kuna deni la mwaka huu la jina, nitumie kiasi nilimalize leo."

Sentensi ya kutobadili kitu ni muhimu, kwa sababu fundi muungwana ndiye atakayetaka kukufanyia hisani: anaandika jina lako na barua pepe yako kabla ya kukukabidhi, na anafunga mlango kwa siku 60. Na ile ya kutokataa ni kwa sababu barua ya uthibitisho itakwenda kwake, yeye ndiye aliyeandikwa. Akibofya kukataa kwa kudhani ni wezi, uhamisho unakufa pale pale.

Njia ya pili ni wewe kufungua akaunti kwa msajili yuleyule wa fundi, naye akusogezee jina ndani kwa ndani. Ni ya haraka, na naipendekeza kama huna ugomvi na msajili huyo. Taarifa za mmiliki zikibadilika hapo, kufuli la tatu linaweza kuanza, lakini haliumi, kwa sababu jina tayari liko kwako na unaweza kuelekeza seva utakavyo.

Uhamisho wenyewe, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: kagua tarehe.* Hakikisha hakuna hata moja ya zile siku 60 inayoendelea, na kwamba zimebaki angalau wiki tatu kabla ya jina kuisha. Kwa nini tatu? Msajili ana hadi siku tano kufungua kufuli kama huwezi kulifungua mwenyewe, hadi siku tano kutoa namba ya siri, na uhamisho wenyewe unaweza kuchukua siku tano. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Kinachobaki ni nafasi ya makosa ya kibinadamu na umeme kukatika.

*Hatua ya 2: barua pepe ya mmiliki.* Ingia uone ni ipi, na kama inafunguka. Ikiwa imekufa unalazimika kuibadili na kusubiri, isipokuwa msajili akupe kile kisanduku. Ikiwa ni barua pepe ya domeini hiyohiyo unayohamisha, kama info@ ya kampuni, uhamisho utaenda, ila DNS ikiyumba katikati utakosa barua zinazokuhusu kuliko zote. Wakati usio wa haraka, weka ya nje ya jina hilo, kisha subiri siku zako kabla ya kuhama.

*Hatua ya 3: DNS.* Hapa tulia, maana hapa ndipo tovuti na barua pepe huzimika. Uhamisho haubadilishi seva za majina, zinabaki zilivyoandikwa. Lakini kama seva hizo ni za msajili unayemwacha, anaweza kufuta rekodi zako mara jina linapoondoka. Tovuti inapotea, na barua pepe za ofisi zinarudi kwa waliozituma.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kufuli, fungua ukurasa wa rekodi za DNS na unakili zote. Si A tu ya tovuti: chukua MX za barua pepe, CNAME zote (zinazoelekeza jina moja kwenye jingine), na TXT zote, zikiwemo SPF, DKIM na DMARC zinazothibitisha kuwa barua pepe ni zako kweli. Piga picha ya skrini kisha nakili maandishi pia, kwani DKIM ni mstari mrefu usioweza kuuandika upya kwa macho. Ziweke kwenye seva za majina mpya, badili seva za majina ukiwa bado kwa msajili wa zamani, subiri siku mbili, tuma na pokea barua pepe kwa majaribio. Kila kitu kikienda vizuri, ndipo uanze uhamisho. Jina litahama na hakuna mteja atakayejua.

Kama DNSSEC (saini ya kidijitali inayolinda rekodi za DNS) imewashwa, izime na ufute rekodi yake ya DS siku kadhaa kabla ya kubadili seva za majina. Rekodi hiyo hukaa kwenye masjala. Ikibaki ile ya zamani huku seva mpya hazina saini inayolingana, jina litaonekana limekufa kwa baadhi ya watumiaji na zima kwa wengine. Utazunguka siku nzima ukitafuta kosa kwenye seva isiyo na kosa.

*Hatua ya 4: fungua kufuli, chukua namba ya siri.* Namba hii ndiyo wengi wanaiita EPP. Inakili bila nafasi mwanzoni wala mwishoni. Ikipitia WhatsApp huwa inabeba nafasi au nyota kugeuka herufi nzito, nawe unaambiwa si sahihi. Usimpe mtu mwingine. Pia jua kwamba msajili haruhusiwi kuizuia namba hii kwa sababu tu mna ugomvi wa malipo. Anachoweza ni kukataa uhamisho kama hujalipia muda wa jina lenyewe, si kwa deni la kutengenezewa nembo.

*Hatua ya 5: lipa kwa msajili mpya.* Malipo ya uhamisho wa .com na wenzake hubeba mwaka mmoja unaoongezwa juu ya muda uliobaki, mradi jumla isizidi miaka 10. Kama msajili ni wa nje na huna kadi ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa inatosha mara nyingi. Weka zaidi kidogo ya bei uliyoiona, kwani dola hubadilishwa wakati wa makato.

*Hatua ya 6: subiri.* Msajili wa zamani atatuma barua pepe kwa mmiliki aliyeandikwa. Wengi wanadhani lazima ubofye kukubali. La: ukikaa kimya siku tano, uhamisho unapita wenyewe. Kubofya kunaharakisha tu, pale msajili anapotoa nafasi hiyo.

Jina likikaribia kuisha, au likiwa limekwisha

Baada ya tarehe ya kuisha, msajili anaweza kukupa muda wa hadi siku 45 kulipia kwa bei ya kawaida, na wengine hutoa pungufu. Akilifuta, linaingia kwenye siku 30 za ukombozi, ile redemptionPeriod. Hapo haliwezi kuhama, na kulirudisha ni kwa huyohuyo msajili, kwa ada ambayo huwa kubwa kuliko bei ya mwaka. Zikiisha, siku tano za mwisho, kisha yeyote duniani anaweza kulichukua.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Ukilipia mwaka baada ya jina kuisha, kisha ukahama ndani ya siku 45 tangu tarehe ya kuisha, ule mwaka uliolipia hufutwa na unabaki na mwaka wa uhamisho pekee. Masjala humrudishia msajili wa zamani fedha yake. Kama naye atakurudishia wewe ni suala lake. Lipia mapema, au subiri siku 45 zipite ndipo uhame.

Na .co.tz, .or.tz, .ac.tz?

Majina ya .tz yana masjala yake ya hapa nchini, na sera ya uhamisho ya ICANN haiyafungi. Usichukue hesabu ya siku 60 hapo juu ukaipachika kwenye .co.tz, na usidhani mwaka utaongezeka wenyewe. Jina huhama kati ya wasajili walioidhinishwa. Muulize msajili mpya maswali matatu kwa maandishi: nahitaji nini kutoka kwa wa zamani, itachukua muda gani, na tarehe ya kuisha itabaki ipi. Hatua ya DNS hapo juu inabaki vilevile.

Ukigomewa

Omba sababu kwa maandishi. Zinazokubalika ni chache: udanganyifu, mgogoro kuhusu mmiliki ni nani, kutolipia jina, mmiliki mwenyewe kukataa, zile siku 60, kesi ya jina inayoendelea au amri ya mahakama. "Meneja yuko likizo" haimo. Siku tano zikipita bila kufuli kufunguliwa au namba kutolewa, jaza fomu ya malalamiko ya uhamisho kwenye tovuti ya ICANN. Haina malipo. Ambatisha barua zenye tarehe. Kama uliyemlipa ni wakala, mwandikie pia msajili aliye juu yake, yule uliyemwona kwenye lookup. Anawajibika kwa mawakala wake.

Jina likihamishwa bila ridhaa yako, usiandike barua ndefu. Piga simu kwa msajili wako wa zamani muda huohuo na umwombe atumie njia ya dharura ya wasajili, ambayo upande wa pili unatakiwa kuijibu ndani ya saa nne. Mgogoro rasmi wa uhamisho una ukomo wa miezi 12, nao hufunguliwa na msajili kwa niaba yako.

Ukishafika

Rudi lookup.icann.org uone jina la msajili limebadilika na mwaka umeongezeka. Funga kufuli. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Sasa ndipo ubadili jina la mmiliki liwe la kampuni, na barua pepe iwe ya ofisi, ambayo watu wawili wanaweza kuifungua. Msajili mpya akikutumia barua ya kuthibitisha barua pepe, ibofye ndani ya siku 15. Ukiipuuza, anaweza kulisimamisha jina, na watu wengi huja kwangu wakidhani uhamisho umeharibika. Mwisho, ingia kwenye akaunti ya zamani uzime malipo ya kujirudia na uondoe kadi yako.